Saa ya altimita inasoma urefu ambao sio: dalili, sababu na cha kufanya

Wakuu, hii ni kwa wanaopanda Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya, na hata wale wanaokimbia Usambara na Uluguru wakiwa na saa zenye altimita, yaani kipima urefu kutoka usawa wa bahari. Malalamiko ninayokutana nayo ni yale yale kila msimu: saa inasoma mita 5,700 na wewe umesimama pale kwenye kibao cha Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, saa inapanda yenyewe na wewe umelala hemani, wawili mmetembea njia moja jioni mna jumla mbili tofauti. Wengi wanakimbilia kusema saa ni feki, wengine wanaenda kuiuza kwa bei ya hasara, wakati mara nyingi saa ni nzima kabisa ila hakuna aliyewaambia inafanyaje kazi.

Kitu kimoja kielewe kwanza alafu mengine yatakaa sawa. Saa haipimi urefu. Ndani kuna sensa ya presha ambayo inapima hewa iliyo juu yako inakukandamiza kiasi gani, alafu inapiga hesabu kugeuza ile presha kua mita. Usawa wa bahari presha ni kama 1,013 hPa (hektopaskali, kipimo cha presha), na ukipanda mita 8 hivi inapungua hPa 1. Ukiwa huko juu karibu na Uhuru hewa ni nyepesi, presha imebaki kama nusu ya pwani, na hPa 1 pekee ni mita 15 au 16. Kwa hiyo kosa dogo la presha ambalo Dar usingeliona, kule juu linakua kosa la kuonekana.

Alafu hakikisha saa yako ina baromita kweli, yaani hiyo sensa ya presha. Saa nyingi za bei ya chini zinasoma urefu kwa GPS peke yake, na GPS kwenye urefu ni dhaifu kuliko inavyokua kwenye kukuonyesha uko wapi kwenye ramani, kosa la juu-chini mara nyingi ni mara mbili hivi ya lile la pembeni. Angalia kwenye menyu kama kuna usomaji wa baromita au presha, kama hakuna basi sehemu kubwa ya haya hayakuhusu, saa yako iko jinsi ilivyotengenezwa.

DALILI: umefika kileleni saa inasoma pungufu

Hii ndio kubwa na ndio inayoumiza watu, manake mtu ametembea siku sita anataka picha ya saa inasoma 5,895.

Sababu ya kwanza na ya kawaida kuliko zote, saa haikusetiwa urefu wa kuanzia, au ilisetiwa nyumbani wiki iliyopita ikaachwa hivyo hivyo. Hii ndio ya kuangalia mwanzo kabisa. Ukishuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, pale ni mita 894, seti hapo. Ukifika geti seti tena kwa namba iliyoandikwa pale. Kila kambi ukifika, kabla hujavua hata mabuti, soma kibao, linganisha, seti. Ni dakika moja tu.

Sababu ya pili wengi hawaijui, na hapa naomba usome taratibu. Ile hesabu ya saa inadhani hewa ya dunia nzima ina joto la aina moja: nyuzi 15 usawa wa bahari na inapungua nyuzi 6.5 kila mita elfu moja. Hiyo ni hewa ya kwenye vitabu, inafanana na nchi za baridi kiasi. Sisi tuko karibu na ikweta, hewa yetu ni ya moto kuliko hiyo, hata kule juu kwenye barafu. Mita 5,000 hesabu ya saa inadhani ni nyuzi 17 chini ya sifuri, wakati hewa ya kwetu kwenye urefu huo iko karibu na sifuri, chini yake kidogo. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo inabidi upande mita nyingi zaidi ndio presha ishuke kiasi kile kile, na saa inakuhesabia mita chache kuliko ulizopanda. Kanuni wanayotumia marubani ni kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za tofauti.

Piga hesabu sasa. Umeseti vizuri kabisa geti la Machame mita 1,800 hivi, ukapanda bila kuseti tena na saa haijisahihishi kwa GPS. Mpaka Uhuru ni zaidi ya mita 4,000, hewa ni ya moto kuliko kitabu kwa nyuzi 15 hivi, kwa hiyo asilimia 6 inapotea. Hiyo ni mita 200 na ushee. Ndio zile 5,680 na 5,700 watu wanazopigia kelele. Na hata ukiseti kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kilele, jioni ile kabla ya kuondoka usiku, bado kutoka pale mpaka juu utapoteza mita 50 mpaka 80. Saa haina kosa, sensa haina kosa, ni hewa ya kwetu haifanani na ile ya kwenye hesabu.

Dawa yake ni kuseti mara nyingi njiani. Njia ya Marangu una kambi za Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, alafu Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, kama 5,685. Ukiseti Gilman's kilichobaki mpaka Uhuru ni mita 200 tu, asilimia 6 ya hapo ni mita 12, hiyo haimsumbui mtu. Kwa wanaopitia Barafu, mnatokea Stella Point, nayo iko ukingoni mwa kreta, seti pale. Ila usivue glavu kwenye upepo wa alfajiri kwa ajili ya saa, kama ni baridi kali acha, vidole ni muhimu kuliko namba.

Sababu ya tatu, vibao vyenyewe havikubaliani. Kibo wengine wanaandika 4,703, Barafu kuna 4,673 na kuna ramani zinasema 4,640 au chini ya hapo. Ile 5,895 yenyewe ni ya vipimo vya mwaka 1952, walipopima kwa GPS mwaka 1999 walipata 5,892. Kwa hiyo ukiona tofauti ya mita 20 au 30 na kibao, usihangaike, hujui nani yuko sahihi. Chagua chanzo kimoja cha namba, kibao au ramani moja, ubaki nacho safari nzima.

Sababu ya nne, na ni nadra siku hizi, saa inakuonyesha urefu mbichi wa GPS. Setelaiti zinapima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, sio kutoka usawa wa bahari, na huku kwetu hayo mawili hayakai pamoja, pale Kilimanjaro tofauti ni kama mita 17 na GPS mbichi inasoma chini. Saa nyingi zinasahihisha zenyewe. Kama ya kwako ni ya zamani na kila mahali inasoma pungufu kwa kiasi kile kile kwa kutumia GPS peke yake, sasisha programu yake uone.

Hapa lazima niseme na hili. Usitumie saa kuamua mwili. Nimeona watu wanabishana eti "kichwa hakiwezi kuuma hivi bado hatujafika hata 4,500, angalia saa". Kichwa kikiuma na hakitulii, unatapika, unatembea kama mlevi, unaongea ovyo, unakohoa na kukosa pumzi hata umekaa, hiyo ni kushuka, na ni kushuka sasa hivi pamoja na kiongozi wako, saa iseme inachosema. Na ile namba ya oksijeni inayotoka kwenye saa ya mkononi sio kipimo cha daktari, mkono wa baridi tu unaiharibu. Ikija kwenye uokoaji, toa viwianishi vya GPS (zile namba za mahali ulipo) na jina la kambi au sehemu, usitoe urefu peke yake.

DALILI: umekaa sehemu moja saa inapanda na kushuka

Umefika kambini saa sita mchana, umeseti vizuri, saa kumi jioni inasoma mita 25 juu na hujatoka hata nje ya hema.

Kwa sehemu kubwa hii sio ugonjwa. Huku kwetu presha ya hewa ina mwendo wake wa kila siku, inapanda na kushuka mara mbili. Inakua juu mida ya saa nne asubuhi na saa nne usiku, inakua chini mida ya saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Presha ikishuka saa inadhani umepanda. Kwa miji kama Dar, Moshi au Nairobi ule mzunguko unaweza kua hPa 3 hivi, hiyo ni mita 25 za hewani kabisa. Wazungu kwao mwendo huu hauonekani manake hali ya hewa yao inabadilika kwa fujo zaidi, ndio maana kitabu cha saa hakikuelezi, kimeandikwa kwa ajili yao.

Kipimo chake ni rahisi: acha saa mezani nyumbani usiku na mchana mzima, alafu fungua grafu ya baromita. Ukiona mstari laini wenye vilima viwili na mabonde mawili, sensa yako ni nzima, tena ni nzima sana kwa sababu inaona kitu kidogo namna hiyo. Ukiona mstari una meno meno, unaruka juu na chini ghafla wakati saa iko mezani na madirisha yamefungwa, hapo kuna shida, nenda kwenye dalili inayofuata.

Ukitaka isitembee usiku, kwenye menyu ya sensa kuna sehemu ya kuchagua altimita, baromita au otomatiki. Ukifika kambini weka baromita, saa itajua mabadiliko ya presha ni ya hali ya hewa na urefu utaushikilia. Asubuhi kabla ya kutoka RUDISHA altimita au otomatiki. Hii watu wanaisahau, wanapanda mpaka mchana saa bado inasema wako kambini.

Sababu nyingine, hali ya hewa imebadilika kweli, mvua kubwa inakuja au imepita. Na nyingine, saa ina usahihishaji wa GPS muda wote na hema liko kwenye bonde au chini ya mwamba, Barranco kwa mfano, setelaiti zinaonekana vibaya na saa inafuata makosa ya GPS. Zima usahihishaji wa muda wote, bakiza ule wa mwanzo wa safari tu au seti kwa mkono.

DALILI: urefu unaruka ghafla, au umeganda kabisa

Umepanda mwinuko mkali nusu saa na namba haijasogea, au inaruka mita 40 alafu inarudi. Anza na vitu vya bure.

Mkono wa jaketi umebana saa, au glavu imeikaba. Sensa inapumua kupitia vitundu vidogo sana pembeni au mgongoni mwa saa, na mfuniko wa nguo pamoja na upepo unaopiga unabadilisha presha pale pale. Pale juu karibu na kilele ambapo hPa 1 ni mita 15, upepo mkali pekee unatosha kuirusha. Vaa saa juu ya nguo ya ndani na chini ya jaketi lililolegea, isome ukiwa umeupa upepo mgongo.

Vitundu vimeziba. Hii ndio inayoshika nafasi ya pili na kwa njia ya Machame au Lemosho ni kawaida sana kwa sababu siku ya kwanza unapita msitu wa mvua, jasho, tope, mafuta ya jua, vyote vinakaukia mle. Pia tone la maji likikaa kwenye kitundu saa inaganda mpaka likauke, hasa baada ya kuoga nayo au kuogelea.

Kipimo: iweke saa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, wacha hewa ndani, funga kabisa, washa ukurasa wa urefu, alafu bonyeza mfuko taratibu kwa viganja. Hewa imebanwa, presha imepanda, kwa hiyo urefu lazima USHUKE ndani ya sekunde chache, na ukiachia urudi. Ikijibu haraka sensa inapumua. Isipojibu, au ikichelewa sana, imeziba au imekufa.

Kusafisha: loweka kwenye maji safi ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo kama dakika kumi, zungusha ndani ya maji, suuza kwa maji safi mengi, futa, iache ikauke kivulini usiku mzima, alafu rudia kipimo cha mfuko. USICHOKONOE na pini, sindano, kijiti cha meno wala waya. Nyuma ya kile kitundu sensa ni laini sana, ukiitoboa umemaliza saa na maji yataingia. Na usipulize na upepo wa gereji wanaojazia matairi, presha ile inaua sensa mara moja. Maji ya moto nayo hapana.

Kama imesafishwa na bado, sasisha programu, zima na kuwasha, rudisha sensa kwenye mipangilio ya kiwandani kama menyu ina sehemu hiyo, seti urefu upya mahali unapopajua. Bado? Ruka mpaka sehemu ya mwisho.

DALILI: jumla ya kupanda haifanani na ya mwenzako

Chukua ile siku ya Lava Tower, mnatoka kambi ya Shira kama 3,840, mnapanda mpaka Lava Tower 4,600 na kitu, mnashuka kulala Barranco 3,970 hivi. Kwa hesabu ya vibao kupanda ni kama mita 800. Jioni mmoja ana 820, mwingine ana 1,050.

Kinachofanya hivyo ni kila saa ina kiwango chake cha kuamua kipi ni kupanda kweli na kipi ni namba kuyumba tu. Nyingine inahesabu kila mita mbili tatu, nyingine inasubiri mpaka upande mita kadhaa mfululizo ndio ihesabu. Njia ya mabonde madogo madogo inatoa tofauti kubwa hapo na hakuna wa kumlaumu. Inayofuata, mwenzako ana saa ya GPS tupu, makosa ya kwenda juu na chini yanajumlishwa siku nzima na yote yanaingia kwenye kupanda. Upepo nao unaongeza.

Alafu angalia apu ya simu. Nyingine ukipakia safari inafuta namba za saa na kuweka za ramani ya kidijitali, na ramani hizo zinapima kwa vipande vya makumi ya mita. Kwenye ukuta wa Barranco GPS ikikosea mita 20 tu pembeni, ramani inakuweka juu au chini ya mwamba. Kama saa yako ina baromita na imepita kipimo cha mfuko, zima hayo masahihisho ya apu, ya saa ni bora.

DALILI: kengele ya dhoruba inalia na anga ni jeupe

Saa iko kwenye baromita na wewe unapanda. Inaona presha inashuka kwa kasi inadhani kimbunga kinakuja. Weka altimita ukiwa unatembea, basi. Ila ikilia umekaa kambini na iko kwenye baromita, na sio ule mteremko wa kawaida wa jioni, toka nje uangalie mawingu na mwambie kiongozi.

DALILI: namba za ajabu kabisa

19,341 ni futi, badilisha kipimo. Ndani ya ndege inasoma 2,000 hivi wakati rubani ametangaza mita elfu kumi, hiyo ni presha ya ndani ya ndege na ni kawaida. Uko ufukweni Dar au Zanzibar inasoma hasi 20, presha ya siku hiyo iko juu ya 1,013, seti sifuri uendelee. Kuna wanaochukua presha ya uwanja wa ndege na kuiingiza kwenye saa, inafanya kazi vizuri ukiwa karibu na urefu wa uwanja huo, usiitegemee mlimani kwa sababu ya lile suala la joto nililoeleza juu.

HAPA ACHA, peleka kwa wenye kazi yao

Ukungu au matone ndani ya kioo. Usiichaji, usiianike juani, usiiweke karibu na jiko, izime.

Mgongo wa saa umenyanyuka au kioo kimesukumwa nje, hiyo ni betri imevimba. Usiibonyeze irudi, usiichaji tena hata mara moja, usiingie nayo kwenye ndege. Saa ikipata moto sana kwenye chaji ni hivyo hivyo, chomoa.

Namba haipo, vinatokea vistari tu, au inaruka mamia ya mita ikiwa mezani baada ya kusafisha na kusasisha. Sensa imekufa na hiyo haitengenezwi nyumbani.

Mafundi saa wa mtaani wako wazuri wa betri na mikanda na nawaheshimu, ila saa ya aina hii ikifunguliwa lazima ipimwe tena kama inavuja kwa mashine ya presha, na kama fundi hana hiyo mashine muulize kabla hajashika bisibisi. Kama bado ina waranti usiifungue popote, peleka kwa wakala au pale ulipoinunua. Piga picha ya grafu ya baromita ya saa 24 ikiwa mezani, rekodi video fupi ya kipimo cha mfuko, andika toleo la programu na umeshaisafisha mara ngapi. Ukienda na hivyo hawatakurudisha na jibu la "jaribu kuizima na kuiwasha".